Kamaru Nyuma ya Kaunta

Mwanamuziki akifa katika nchi yetu, tanzia zake huandikwa kwa mtindo mmoja. Hutangulia nyimbo, zile tatu nne zinazojulikana na kila mtu. Hufuata sentensi ya kwamba marehemu alikuwa mtu wa familia. Na kama nafasi imebaki kabla ya kutajwa siku ya mazishi, tunaambiwa kwamba pia alikuwa na kaduka mjini. Joseph Kamaru alipofariki tarehe 3 Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 79, alisifiwa kuwa mfalme wa muziki wa Kikuyu, mwalimu wa mila, mtu aliyewaambia wakubwa ukweli. Sifa hizo zote zilikuwa haki yake. Duka lake la muziki pale Nairobi lilitajwa pia, lakini kama kitu cha pembeni, mfano wa mtu anayetajiwa timu ya kandanda aliyoishabikia. Hoja yangu leo ni kwamba duka ndilo lingepaswa kutangulia. Bila kulielewa duka hatumwelewi mwimbaji, na hata hilo la familia linabaki maneno matamu ya matangani.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kamaru alizaliwa 1939 huko Kangema, Murang'a. Akaingia Nairobi 1957, wakati ambapo kijana wa mashambani asiye na masomo mengi alikuwa na milango michache ya kubisha. Alifanya kazi za nyumbani na usafi, akadunduliza hadi akapata gitaa. Katikati ya miaka ya 1960 muziki ukawa kazi, na mwaka 1967 wimbo wa Celina, aliouimba na dada yake Catherine Muthoni, ukamtoa. Sasa, mwanamuziki wa Nairobi wa miaka ile alikuwa akilipwa namna gani? Njia iliyozoeleka ilikuwa kuingia studio ya kampuni, kuimba, kupokea ujira wa siku hiyo, na kutoka. Studio ya Equator ya Charles Worrod iliwatoa wakali kama Fadhili William na Daudi Kabaka, na hakuna anayeweza kuikana kazi iliyofanyika pale. Lakini mtu aliyelipwa kwa siku hakuwa na haja ya kutunza karatasi, na aliyetunza karatasi ndiye aliyekuwa na cha kudai baadaye. Angalia wimbo wa Malaika, ambao umeimbwa dunia nzima: hadi leo watu wanagombana ni nani aliyeutunga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kama kuna biashara iliyouthibitisha msemo huo ni muziki wa Afrika Mashariki.

Waliogundua njia nyingine walikuwa wachache, nao walijikusanya mtaa wa River Road, Nairobi, na vichochoro vyake. David Amunga alikuwa miongoni mwa waliotangulia, na duka lake la Mwangaza. Phares Oluoch Kanindo akawa na POK, iliyotoa benga nyingi za Kijaluo. Kamaru akawa na City Sounds. Utaratibu wao ulikuwa rahisi kueleza, mgumu kuutekeleza. Unalipa studio kwa pesa zako. Unapeleka kazi kiwandani ikakandamizwe kuwa santuri ndogo ya inchi saba, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika. Wimbo mrefu unaukata vipande viwili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili mgongoni. Katikati ya santuri hubandikwa karatasi ya duara, na juu yake huchapwa jina la wimbo, la mtunzi, la bendi na la lebo. Mzigo ukifika dukani unafungua spika mlangoni, sauti juu, mpaka mpita njia anayekwenda kupanda basi la Murang'a au la Kisumu ageuze shingo. Anayependa anaingia ndani, anaomba upande wa pili, anatoa pesa. Wenye baa wanachukua ya kutia kwenye mashine zao. Wachuuzi wa mashambani wanachukua kwa dazeni. Ile karatasi ya duara ni ndogo kuliko kisosi cha chai, lakini majina yaliyochapwa juu yake ndiyo yaliyoamua nani atakuwa na mali na nani atabaki na kumbukumbu. Katika santuri za aina hiyo, Kamaru aliyeandikwa kuwa mtunzi na Kamaru mwenye lebo walikuwa mtu mmoja.

Mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: Kamaru aliimba kwa Kikuyu, kwa nini azungumziwe hapa kwa Kiswahili? Jibu liko mumo humo dukani. Sauti ya Kenya, redio ya serikali, ndiyo iliyoitawala hewa, na lugha za kienyeji zilipewa muda wa kupimwa kwa kijiko. Kituo binafsi cha Kikuyu, Kameme, hakikuja hadi mwaka 2000, wakati Kamaru ameshavuka miaka sitini. Kwa hiyo mwimbaji wa Kikuyu, wa Kikamba au wa Kijaluo hakuweza kuitegemea redio imfikishe kwa wasikilizaji wake. Spika ya mlangoni ndiyo ilikuwa redio yake, kaunta ndiyo ilikuwa idara ya usambazaji. River Road ilikuwa mtaa wa lugha zote. Mkamba alifunguliwa nyimbo zake, Mluhya zake, na santuri za bendi za Tanzania na Kongo zilipangwa rafu moja na hizo. Kwa hiyo habari ya City Sounds haiwahusu Wakikuyu peke yao. Inaeleza jinsi wasanii wa nchi hii walivyojifungulia mlango wa nyuma pale wa mbele ulipobana.

Na mlango huo uliruhusu nini kupita? Mwaka 1969 Kamaru alitoa Ndari ya Mwarimu, wimbo kuhusu walimu wanaowafanya wanafunzi wao wa kike kuwa wapenzi. Walimu walichachamaa, chama chao kikatishia mgomo, wakataka wimbo uzuiwe. Hebu mfikirie meneja wa kampuni kubwa ya wakati ule, mwenye mikataba na serikali na jina la kulinda, akiambiwa kwamba walimu wa nchi nzima wako tayari kuacha kazi kwa ajili ya santuri moja. Angeitoa rafuni kabla ya saa ya chakula cha mchana. Lakini mtunzi anayeuza kazi yake mwenyewe ana mabosi wawili tu, dhamiri yake na mteja anayeingia mlangoni, na mteja huyo alikuwa mzazi mwenye binti shuleni. Mwaka 1975, tarehe 2 Machi, mbunge J.M. Kariuki alitoweka, na baadaye maiti yake ikapatikana Ngong. Kamaru alimlilia kwa wimbo. Haukuwa wimbo wa kutarajia kuusikia kwenye Sauti ya Kenya. Watu waliununua.

Ili uone uzito wa jambo hili, vuka mpaka uende Tanzania ya miaka hiyohiyo. Huko bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao. Mlimani Park ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwanamuziki alipata mshahara kila mwezi, ala alipewa na mwajiri, na Radio Tanzania ilimrekodi bure katika studio yake. Muziki uliotoka humo ni hazina, na yeyote atakayeniambia kwamba mfumo huo ulizaa sanaa dhaifu nitamwomba aende akasikilize Mlimani Park tena. Mwajiriwa wa taasisi alikuwa na jambo ambalo mwenye duka hakuwa nalo, yaani usingizi wa tarehe 30. Lakini alipohama bendi, magitaa yalibaki kwa mwajiri, na kanda zikabaki maktaba ya redio. Marijani Rajab, aliyeitwa Jabali la Muziki, aliyewafurahisha watu na Safari Trippers kisha Dar International, alifariki 1995 baada ya miaka ya mwisho ya kuhangaika. Nyimbo zake zilikuwa zimepigwa redioni maelfu ya mara, na kupigwa kwenyewe hakukumjengea akiba. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mwajiriwa aliishi vizuri mwezi hadi mwezi, mwenye duka alikuwa na kitu cha kumwachia mtoto.

Hapa wapinzani wa hoja yangu wana silaha nzito, na sitaki kuikwepa. Watasema: huyo Kamaru unayemwita huru, si ndiye aliyefuatana na Rais Moi kwenda Japani mwaka 1980, kisha akaimba wimbo wa safari hiyo wa kumsifu? Uhuru gani huo? Kweli, aliimba. Tena nitaongeza silaha nyingine upande wao: mwenye duka ana sababu zake za kuiogopa dola. Ana leseni ya kuhuisha kila mwaka, ana askari wa jiji mlangoni, ana mzigo unaoweza kuzuiwa kiwandani. Mwimbaji asiye na kitu hana cha kunyang'anywa. Kwa hiyo sisemi kwamba kaunta humpa mtu ujasiri. Humpa nafasi ya kuchagua, na mwenye nafasi ya kuchagua anaweza kumchagua mfalme leo na kumwacha kesho. Kamaru alifanya yote mawili. Mwisho wa miaka ya 1980 alielemea upande wa waliotaka vyama vingi, na uhusiano wake na Ikulu ukaharibika. Msanii wa bendi ya serikali asingekuwa na hiari ya kusifu au kunyamaza. Angepewa mada pamoja na sare.

Mwaka 1990 ndio unaotuonyesha zaidi thamani ya duka, na ushahidi unatoka kwa polisi wenyewe. Nyimbo za siasa za Kikuyu zilikuwa zimeenea kwenye kanda, kwenye matatu, vibandani, kila mahali. Julai ya mwaka huo, siku za maandamano ya Saba Saba ya kudai vyama vingi, serikali ilipotaka kuzizima haikuhangaika na majukwaa. Iliwavamia wauzaji. Kanda zilikusanywa, wachuuzi na wasanii wakakamatwa kwa tuhuma za uchochezi. Waliotoa amri hiyo walikuwa wameelewa jambo ambalo waandishi wa tanzia zetu hawajalielewa: wimbo huishi rafuni, na ukitaka kuunyamazisha unafunga duka.

Kuna pingamizi la pili, la watu wa hesabu. Wanasema maduka ya wasanii yalishindwa. Kanda ilipoingia, mtu yeyote mwenye mashine mbili za kaseti alikuwa kiwanda. Santuri usingeweza kuinakili sebuleni, kanda uliweza, na aliyeiba hakuwa na studio ya kulipia wala waimbaji wa kuwapa nauli, hivyo bei yake haikushindika. Mauzo ya halali yakaporomoka. Leo ukipita Luthuli Avenue, hatua chache kutoka River Road, utauziwa spika, waya na televisheni, lakini muziki wenyewe ni nadra. Je, basi, si ingekuwa heri Kamaru na wenzake wangebaki chini ya kampuni kubwa yenye mawakili? Jibu ni kuitazama kampuni kubwa ilifanya nini. Polygram, yenye jina la kimataifa na mtaji ambao River Road nzima isingeuota, ilifunga virago Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980, na uharamia ulikuwa sababu mojawapo. Wenye maduka walibaki. Walibaki kwa sababu hawakuwa na makao makuu ya kurudi, kweli, lakini walibaki. Kilichoua biashara kilikuwa sheria isiyotekelezwa, na sheria hiyo haikumbagua mkubwa wala mdogo. Na Kamaru mwenyewe aliwahi kuipa biashara yake pigo ambalo hakuna haramia aliyempa: mwaka 1993 alitangaza ameokoka, akaivunja bendi yake ya Kamaru Super Stars, akaingia nyimbo za injili. Mauzo yakashuka. Unaweza kukubaliana na uamuzi huo au usikubaliane nao. Mashabiki wengi hawakukubaliana nao. Lakini hasara ilikuwa yake kuichagua, maana bidhaa ilikuwa yake.

Sasa nigeukie familia, kwa sababu ndipo mambo haya yote yanapokutana. Tunapomwita mwanamuziki mtu wa familia huwa tunamaanisha kwamba alikuwa mpole nyumbani, na sisi tulio nje hatuna njia ya kulithibitisha wala kulikanusha hilo. Ninalotaka kulitazama ni familia iliyo ndani ya kazi yenyewe. Wimbo uliomtoa aliuimba na dada yake wa damu. Na baada ya nusu karne, aliyeshika daftari ni mjukuu. Mjukuu huyo, kwa desturi ya Wakikuyu ya kuwapa watoto majina ya babu zao, anaitwa Joseph Kamaru vilevile. Ulimwengu wa muziki unamfahamu kwa jina la KMRU. Alizaliwa 1997, na muziki wake hauna gitaa la babu wala sauti ya kuhubiri. Anakusanya milio ya mahali, mvua, mashine, upepo, anaifanya sauti ndefu za kielektroniki zinazopigwa katika kumbi za Ulaya. Albamu yake ya Peel ilitoka 2020 huko Vienna. Wawili hao hawafanani hata kidogo masikioni, lakini mjukuu ameifanya kazi ya babu kuwa sehemu ya kazi yake: anazisafisha rekodi za zamani na kuzitoa upya kwenye mtandao, ili anayenunua ajue analipa familia. Angeweza kufanya hivyo kama babu angekuwa mlipwa-kwa-siku? Angelazimika kwanza kubisha mlango wa mtu mwingine na kuomba ruhusa ya kuuza sauti ya babu yake.

Hata hivyo sheria yetu inamtambua Kamaru mtunzi zaidi ya Kamaru mwenye lebo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, tungo ya muziki inalindwa kwa miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Maana yake, maneno na melodia za Kamaru ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2068. Lakini rekodi yenyewe, yaani ile sauti iliyokandamizwa kwenye santuri kwa pesa za mwenye lebo, inalindwa miaka 50 tu baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Piga hesabu. Rekodi ya Celina ya 1967 ilimaliza muda wake mwisho wa 2017, mwenyewe akiwa hai. Ndari ya Mwarimu ya 1969 ikamaliza mwisho wa 2019. Mtunzi analindwa kaburini. Mfanyabiashara aliyelipa studio anavuliwa mali kabla hajafika kaburini. Wako watakaosema muda mrefu zaidi utazinufaisha kampuni za ng'ambo zilizonunua rekodi zetu kwa bei ya kutupa, na wasiwasi huo una msingi. Lakini inawezekana kutunga kifungu kinachompa nafuu msanii aliyejirekodi mwenyewe bila kumpa kampuni. Wabunge wetu wametunga vifungu vya ajabu zaidi ya hicho.

Hilo la bunge litachukua muda wake. Kuna lingine lisilohitaji bunge, nalo linatuhusu sisi tulio upande huu wa maikrofoni. Kila asubuhi ya Jumapili vituo vingi nchini hupiga nyimbo za zamani, za Kamaru zikiwemo. Mrabaha wa tungo hizo bado ni halali ya warithi, lakini hulipwa kwa kufuata orodha ya nyimbo zilizopigwa, na vyama vya kukusanya mirabaha vimekuwa vikivutana na Bodi ya Hakimiliki kwa miaka, hadi leseni ya kimojawapo, MCSK, ikakataliwa 2017. Katika mvutano huo, kituo kilichoandika "zilipendwa, dakika 30" kimemdhulumu mtu bila hata kukusudia. Watayarishaji wa vipindi, andikeni jina la wimbo, la mtunzi na la lebo, kila wimbo, kila siku, kama yalivyochapwa kwenye ile karatasi ya duara. Na nyinyi mlio na santuri za baba au za mjomba kwenye sanduku chini ya kitanda, zitoeni, nakilini yaliyoandikwa, mtafuteni anayestahili. Kazi hiyo inaweza kuanza leo jioni.